Maombi Yenu na Kibuyu cha Maziwa

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Wazee wangu, shikamooni. Sijui nianzie wapi. Mchungaji kaniambia, "Mama Safari, wewe sema tu." Haya, nasema.

Mnanijua. Msimu wote wa kulima nilikuwa kitandani hapa hapa Endagikot. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Viungo vinauma mpaka nalia, jasho linalowesha godoro. Nikipimwa malaria, hamna. Nikimeza dawa ya malaria hivyo hivyo, wapi! Wengine walisema nimerogwa, wengine nimetenda dhambi. Nikachanganyikiwa: nimemkosea nani?

Dada yangu akaja kutoka Dongobesh kumchukua Neema, kitinda mimba wangu, maana sikuweza hata kumbeba. Akasema, "Akae kwangu mpaka upone." Lakini ndugu zangu, nilimwona anafungasha nguo zote za mtoto, hata zile zinazompwaya bado. Nikajua hategemei nipone.

Nanyi hamkuniacha! Akina mama mlikuja, mkaniombea kwa machozi. Na kila mkija, kibuyu cha maziwa. Mama Tluway, yule pale mbele, alikuwa hakosi. Amenipa ruhusa nimtaje. Anakamua alfajiri, anapanda kilima, maziwa yanafika bado yana joto la ng'ombe. "Kunywa, mama. Ukiyachemsha yanakufa nguvu." Nakunywa, nafarijika. Kisha homa inarudi.

Ndipo wakaja madaktari wa hospitali kubwa ya chuo kikuu pamoja na wanafunzi wao, wakapanga meza pale zahanati, wanapima na kufundisha. Baba Safari akanipakia kwenye pikipiki. Daktari mmoja, binti tu, akanipa shikamoo yangu vizuri, akasikiliza, halafu akauliza, "Mama, huko kwenu kuna ng'ombe aliyetupa mimba?"

Jamani! Naumwa mimi, yeye anaulizia ng'ombe? Nikamnong'oneza mume wangu kwa Kiiraqw, "Twende, tumekosea foleni, hawa ni wa mifugo." Akacheka. Mimi nilikasirika.

Wakachukua damu, wakapima. Wakanieleza kwamba vijidudu vinavyomfanya ng'ombe atupe mimba hupita kwenye maziwa mabichi, vikamwingia mtu, vikamlaza kama nilivyolala mimi. Wakanipa dawa za wiki nyingi, wakasisitiza nisizikatize, na maziwa yachemke kwelikweli. Ndipo nikakumbuka. Ng'ombe wa Mama Tluway alikuwa ametupa mimba, na sote tulikwenda kumpa pole.

Hapo nilipotea kabisa, ndugu zangu! Nikimeza dawa, nimeidharau imani? Nikimwambia Mama Tluway, si nitamuua kwa huzuni? Nilimeza huku naomba, huku nalia. Homa ikapungua, ikakoma. Haleluya! Nimeshika jembe! Neema amerudi na nguo zake zote!

Lakini mpaka leo sielewi. Yaliniponya maombi yenu, au vidonge? Na kama Mungu alikuwa anawasikia, mbona aliacha kibuyu kile kipite mlangoni kwangu? Nilimuuliza Mchungaji, ndipo akaniambia nije niseme hapa.

Mwishowe nilimwambia Mama Tluway.  Akachukua kibuyu chake, akaondoka, na moyo wangu ukavunjika. Nilisema basi, nimempoteza.

Juzi alfajiri nasikia hodi. Ni yeye, kashika sufuria lenye masizi, kalifunga kwa kitenge, na vidole vyake vimeungua. Akasema, "Yalifurika yakazima moto. Nikawasha tena, nikayachemsha upya. Kunywa." Nilikunywa palepale mlangoni, Neema naye akanywa, na Mama Tluway akatuombea.

Ndugu yangu mwenye homa isiyoisha, nenda kapime, na sisi tutakuombea. Mtumaini Mungu hata kama huelewi. Mimi sielewi, na nimesimama! Mama Tluway, inuka, mama, wakuone vidole. Amina.