Mkono Usiosikia

Muuguzi aliyetoka zamu alifumba macho treni ilipoondoka, lakini masikio hayana kope. Mbele yake fundi cherehani alikuwa akimsimulia mama mmoja asiyemjua.

"Tangu nipasuliwe kichwa, dada, mkono huu wa kushoto hausikii. Nikifunga kifungo, wenyewe unafungua. Jana mke wangu ameinama anaokota uzi, nikaukuta umeinua mkasi juu ya shingo yake. Ndiyo maana nahamia kwa kaka yangu."

"Ulikuwa na hasira naye?"

"Hata chembe! Daktari anasema ubongo huamua kwanza, sisi tunaletewa habari baadaye."

"Basi sote tuko hivyo. Mimi niliwahi kumzaba mwanangu kofi kabla sijajua nimekasirika. Mbona sikuhama?"

Muuguzi akafumbua macho, akaitazama mikono yake mwenyewe, akaikunja kwapani.

Treni ikasimama. "Nashuka hapa, kwa kaka," fundi akasema, akainuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umekamata chuma cha kiti, vidole vimekakamaa. Akauvuta kwa ule wa kulia, wapi! "Niachie," akaunong'oneza, jasho likimtoka.

Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa kati yenu, nani anayetaka kurudi nyumbani?"