Namba Niliyoifuta Chini ya Twiga

Nikiwa mtoto kule Ukambani, shangazi alimletea kaka yangu suruali ya mifuko miwili. Mimi sikuletewa kitu. Nikaitupa kwenye zizi la mbuzi, asubuhi ikabaki mfuko mmoja. Mnacheka, ndugu zangu, lakini aliyechapwa ni kaka, eti hatunzi nguo. Basi wivu huo nilikuja nao mpaka Nairobi, kwenye kibanda cha kuchonga vinyago.

Hapo nilichonga na mwenzangu mmoja, simtaji. Sote tulivaa miwani minene. Halafu mnunuzi wa ng'ambo akamchukua akaonyeshe kazi kwao, na huko akapigwa leza machoni, ule mwanga wa kutibu macho. Akarudi bila miwani. Akina mama wa kupiga msasa wakamwambia, "Umekuwa kijana."

Nikamng'ang'ania mnunuzi huyo mpaka mwaka uliofuata nami nikaenda, nikapigwa leza. Kumbe nimejimaliza. Taa moja naiona tatu, zote zina manyoya. Twiga ana shingo mbili, sijui ni ipi niipige tezo.

"Mzee, huyo ni twiga ama ngamia?" mwenzangu akanitania.

"Chonga wako."

Twiga wake walikuwa wazuri mpaka wananiuma. Sasa, kwetu kila mchongaji huandika namba yake chini ya kinyago, ijulikane ni cha nani. Wacha niseme wazi: nilichukua msasa nikafuta namba yake kwa twiga watano, nikaandika yangu. Kwa kazi hiyo macho yalinitosha. Nikasifiwa mimi, yeye akaambiwa amezembea.

Siku moja nikajikata kidole. Akanifunga kitambaa, akauliza, "Unaona mbili mbili?" Akainama, akavuta kope, kitu kama gamba la samaki kikamwangukia kiganjani.

"Leza iliniharibu mimi pia," akasema. "Bila lenzi hizi sioni mlango. Niliona haya kusema, vile mlinisifu."

Jamani. Macho niliyoyaonea wivu hayakuwepo.

Akanipeleka mwenyewe kwa daktari wake mjini. Daktari huyo, mama mmoja, alinieleza kwamba kioo cha jicho kimebaki na mabonde. Lenzi ngumu inakaa juu, machozi yanajaza chini, panakuwa laini. Nikaelewa, ni kama nta kwenye ufa wa mti. Lakini ya kwanza niliipaka mate, vile tunavyolowesha mti tuone nyuzi zake, akanigombeza kama mtoto. Nilipozivaa vizuri, twiga akawa na shingo moja.

Namshukuru daktari huyo, na akina mama wa msasa walionishika mkono barabarani, na nyinyi wa mtaa huu wa Huruma mlioniombea. Na nawaambia, ukimkosea mtu, ungama kabla hajakusaidia.

Mimi niliungama baadaye. Alikuwa anapaka twiga rangi ya viatu. Hakunitukana.

"Wangapi?"

"Watano."

Akafunika kopo, akafuta mikono, akaweka tezo begani akashika njia ya mtaa wa Ziwani. Hajarudi kibandani mpaka leo.