Usia wa Mwalimu wa Kifaransa

Ndugu waombolezaji, Jumanne tarehe 11 Novemba 1997, saa nne asubuhi, Mwalimu Antipasi Elisha alianguka shambani kwake hapa Kintinku, na alipoinuliwa, Kigogo na Kiswahili vilikuwa vimemtoka kinywani, kikabaki Kifaransa peke yake.

Marehemu alizaliwa hapa hapa tarehe 3 Mei 1944, mtoto wa kwanza wa Mzee Elisha na Bibi Anastazia, akasoma hapa hadi mwaka 1958, kisha seminari, ambako padre mmoja alimfundisha Kifaransa, akakipenda kupita kiasi, na mwaka 1967 akapelekwa Burundi kukisomea miaka miwili.

Januari 1970 aliajiriwa kufundisha sekondari Singida mjini, na tarehe 12 Septemba akafunga ndoa na Damari, wakajaliwa Innocent na Loyce. Nyumbani alipiga marufuku Kigogo, akisema kitawazuia watoto wasishike Kifaransa, hata mama yake, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga, alipowatembelea alikaa na wajukuu wake kama mgeni, akafariki mwaka 1986 bila kuwasimulia hata hadithi moja. Mama Innocent alimtania kwamba hata mbuzi anawasalimia Kifaransa, ndiyo maana hawatoi maziwa, naye akacheka, lakini marufuku ikabaki.

Mwaka 1992 somo lile lilifutwa shuleni kwake, kwa kuwa wazazi walitaka Kiingereza cha kuwapatia watoto kazi kwenye makampuni, na mwaka uliofuata akapunguzwa kazi, akarudi kulima. Watoto wake nao walikuwa wamekiacha Kifaransa hadi wakakisahau, ila Kristina, binti wa jirani, aliendelea kujifunza kwake hadi akapata kazi ya kuhudumia wakimbizi Kigoma.

Basi kiharusi kilipompata, alilazwa siku nne, akarudishwa nyumbani, na siku zote hizo alisema wala hatukumwelewa, tukaogopa kwamba ataondoka usia wake haujasikika. Tarehe 29 Kristina alifika kwa treni, akaketi kando ya kitanda, akatufasiria: marehemu alikuwa akimwomba mkewe msamaha kwa kumnyima lugha yake ndani ya nyumba yake mwenyewe, na akaagiza watoto wajifunze Kigogo kwa mama yao angali hai. Mama Innocent hakungoja tafsiri iishe, alimwinamia, akamwambia kwa Kigogo kwamba amemsamehe, na marehemu, asiyeweza tena kumjibu kwa lugha hiyo, akaubana mkono wake, akalia.

Alipokea Mpako wa Wagonjwa, akafariki Ijumaa tarehe 5 Desemba, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji na kututwangia unga, walimu wenzake waliosafiri njia mbovu ya mvua, na Kristina, ambaye familia haina cha kumlipa.

Ee Bwana, wewe usiyehitaji mkalimani, mpokee mtumishi wako Antipasi, umsamehe kama mkewe alivyomsamehe, umpe pumziko lenye amani. Amina.