Bastola Aliyoichagua Marehemu Orrin Tveit

Marehemu Orrin Selmer Tveit, tuliyemleta leo katika kanisa letu la Kilutheri hapa Nordby, Dakota Kusini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika shamba la wazazi wake, Selmer na Gudrun Tveit, kaskazini mwa mji. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Mama yake alizoea kusema kwamba alizaliwa siku ya theluji kubwa, ndiyo maana hakuwahi kuwa na haraka ya kwenda popote. Sisi tuliowahi kumsubiri garini tunathibitisha.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba lao, kisha akamaliza sekondari hapa Nordby mwaka 1964. Mwaka 1966 aliitwa jeshini na kupelekwa Vietnam, ambako alikuwa fundi wa kutengeneza silaha za wenzake. Alirudi mwaka 1968 na hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba ile bastola ya zamani ya jeshi, nzito, ya risasi nene za arobaini na tano, ukiielewa haikuangushi. Mwaka uliofuata alinunua ya kwake ya aina hiyohiyo, akajiunga na klabu ya shabaha.

Tangu 1969 hadi alipostaafu mwaka 2008 alifanya kazi katika ghala la nafaka la ushirika. Kazi hiyo ililisha familia na kuwasomesha watoto, lakini ilikula vidole vyake. Kila msimu wa baridi alifungua milango ya chuma iliyoganda kwa mikono mitupu, kwa sababu alidai glavu zinamchelewesha. Huo ndio wakati pekee tuliowahi kumwona ana haraka, na aliulipia.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Ardis Lokken. Msimu wao wa kwanza wa baridi, Ardis alitaka kumfurahisha mumewe, akaifungua ile bastola na kuisafisha. Kuifungua si kazi. Kuirudisha ndiko kwenye mtego, kwa sababu kuna pini ya ubavuni inayotaka kuingizwa kwa uangalifu, na ukiisukuma ovyo inaacha mkwaruzo uliopinda kwenye chuma. Orrin alirudi kazini akaikuta mezani inang'aa, na mkwaruzo wake.

"Ardis, umefanya nini hapa?"

"Nimesafisha. Usinishukuru sana."

"Unajua klabuni hii wanaiitaje? Alama ya mjinga."

"Basi kawaambie mjinga ni mimi, na chakula cha mjinga kinapoa jikoni."

Alikwenda kula. Miaka mingi baadaye rafiki yake Duane Kopecky, mwenye duka la silaha katika mji wa jirani, alijitolea kuupiga msasa mkwaruzo ule uondoke kabisa. Orrin aliichukua bastola yake kaunta, akaondoka, na hakufika dukani hadi msimu ukaisha. Mungu aliwajalia Orrin na Ardis watoto wawili, Marlys na Curtis. Ardis alimtangulia mwezi Novemba 2017, na nyumba ile haikuchangamka tena.

Mwishoni mwa mwaka 2021 vidole vya Orrin vilikataa kabisa kuikoki bastola. Watu wa Nordby wanajua maana yake. Alhamisi za baridi, katika chumba cha chini cha ukumbi wa maveterani, wanachama wa klabu ya shabaha husimama mstarini na kulenga kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni. Asiyeweza tena huhamia meza ya kahawa nyuma yao, akawaandikia wenzake alama. Hakuna anayemwambia ahamie. Anahama mwenyewe, na harudi. Meza ile Orrin aliiogopa kuliko hospitali.

Alikuwa na njia moja tu, nayo ni kutafuta bastola ya kisasa yenye umbo la ile ya zamani lakini laini ya kukoki. Basi kila Jumamosi Marlys, mpishi wa shule, mwenye miguu iliyosimama wiki nzima, alimwendesha baba yake hadi dukani kwa Duane. Walikwenda hivyo misimu miwili ya baridi.

"Hii ina reli chini ya mtutu. Ya nini?"

"Ya kufungia tochi, Mzee Orrin."

"Nikitaka kuona shabaha nitawasha taa ya ukutani. Na hii? Kifyatulio kimetobolewa na panya?"

"Kimepunguzwa uzito, mzee wangu. Mambo ya kisasa hayo."

"Basi usasa una njaa."

Iliyomfaa ilikuwepo tangu mwanzo: bodi ya aluminiamu, risasi nyembamba za milimita tisa, mpini uleule wa zamani. Aliikoki mwenyewe bila kukunja uso. Kisha akairudisha kaunta na kusema ni nyepesi mno. Wiki iliyofuata akairudisha tena, akasema rangi yake haimpendezi.

Jumamosi moja ya Februari 2023, wakirudi kwenye upepo wa theluji, Marlys alisimamisha gari kando ya barabara.

"Baba, chagua. Nimechoka. Nakuendesha, nakusubiri, nakurudisha mikono mitupu. Tatizo lako nini?"

Orrin alifuta ukungu kwenye kioo cha mbele kwa kiganja.

"Hata mimi nimechoka, mama. Nikinunua mpya, ile ya zamani inaingia kabatini. Na mama yako anaingia nayo."

Marlys alifuta macho kwa mkono wa koti, akageuza gari, wakarudi dukani wakainunua ile nyepesi.

Nyumbani waliifungua kwenye meza ya jikoni kufuta mafuta ya kiwandani. Vidole vya mzee vilikuwa vizito, hivyo Marlys akaingiza pini, taratibu, na ubavu ukabaki safi. Orrin akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Umefanya vizuri," alisema. "Itoe tena, unipe."

Alipopewa, aliweka pini pale pasipotakiwa na kuisukuma kwa kidole gumba. Marlys alipiga kelele, "Baba, unaiharibu!" Yeye, mtu aliyekuwa fundi wa silaha na ambaye hakuwahi kukwaruza kitu maishani, aliendelea mpaka mkwaruzo ukapinda kama ule wa Ardis.

"Haya," akasema. "Sasa na yeye anakuja Alhamisi."

Alhamisi ile alisimama mstarini, mkono mmoja mfukoni. Alama zake zilikuwa za aibu, na zile za wiki zilizofuata hazikuwa bora sana. Hakujali, na meza ya kahawa hakuikalia. Alikwenda hivyo hadi Desemba 2024, moyo wake ulipoanza kujaa maji. Alilazwa mara kadhaa, akaomba arudishwe nyumbani, na tarehe 3 Aprili 2025 alfajiri alifariki kitandani kwake, Marlys akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa. Alisema amechoka, na tulimwamini, kwa kuwa hata sisi tulikuwa tumechoka kumwona akihangaika kupumua.

Marehemu ameacha binti yake Marlys na mumewe Glenn, mwanawe Curtis na mkewe Renae, wajukuu watatu, dada yake Borghild, na rafiki yake Duane, aliyeomba atajwe hapa kama ndugu, na familia imekubali. Wamemtangulia wazazi wake, kaka yake Arvid, na Ardis, ambaye kando yake tunamlaza Orrin mchana huu.

Bastola ya zamani imekwenda kwa Curtis, mpya kwa Marlys. Tunamwomba Duane, mbele ya kanisa zima, asiziguse kwa msasa. Orrin, vidole vyako vipumzike sasa. Hakuna tena cha kukoki. Lala kwa amani kando ya mjinga wako.