Kaimu wa Jumba la Picha

Ndugu, majirani na wenzetu wa Jumba la Picha, historia hii imeandikwa na mdogo wa marehemu, yule anayemfuata kuzaliwa, aliyebebwa naye mgongoni na kuchapwa naye pia, kwa hiyo mkisikia utani humu ndani msidhani ni kukosa adabu, ndivyo walivyoishi hao wawili kwa miaka sitini na minne.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Kaimu mpaka mkasahau jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi ya mtaa huo kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya wasichana hadi 1976, ambako alifaulu masomo yote isipokuwa kuchora, jambo alilokuwa akilitaja mwenyewe kabla hajatajiwa na watu.

Tarehe 7 Mei 1979 aliajiriwa katika Jumba la Picha la umma kuwa mhudumu wa chumba, yaani yule anayekaa kitini pembeni kuangalia wageni wasiguse picha, akakaa chumba namba nne kwa miaka sita, na ni kutoka kwenye kiti hicho alipomwambia fundi mmoja wa fremu, mbele ya watu, kwamba fremu yake imekwenda kombo. Fundi akaitengeneza, akairudisha, ikawa bado kombo, na shemeji yetu amekiri jana kwamba ile mara ya pili aliipinda makusudi ili apate sababu ya kurudi. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi, mwalimu wa hesabu na dereva wa lori, na wajukuu watano. Kazini alipanda pole pole, karani wa kumbukumbu mwaka 1985, mtunza picha mwaka 1994 baada ya masomo ya jioni, na mkuu wa maonyesho mwaka 2004.

Tarehe 1 Februari 2012 mkurugenzi wa zamani alistaafu ghafla kwa sababu ya macho, Jumba likakabidhiwa kwa bodi mpya, na dada akaambiwa akaimu. Mezani alikuta barua ya bodi inayosema kwamba ifikapo mwisho wa mwaka zitafungwa kamera vyumba vyote sita, na wahudumu tisa wataachishwa kazi, kwa kuwa kamera haziombi likizo. Dada hakubishana, aliomba apewe hadi Septemba awaonyeshe kwamba mhudumu anaweza kumweleza mgeni picha, na bodi, kwa kuona haitapoteza kitu, ikakubali.

Hapo akafanya kosa lake kubwa, ambalo sisi nyumbani tulilicheka kwa miaka mingi naye akicheka nasi. Aliwaandikia wahudumu maelezo ya picha kwa Kiswahili cha kitaalamu, kurasa tatu kila mmoja, wakayakariri neno kwa neno, na siku ya majaribio mgeni mmoja alipomkatiza kwa swali yule mhudumu mnayemwita Kimya, maskini alipotea, akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, akakatizwa tena, akaanza tena, mpaka wageni wakatoka mmoja mmoja kwa adabu. Kesho yake dada alikusanya karatasi zote akazichana, akavuta kiti karibu na kiti cha Kimya, akamuuliza, wewe mwenyewe, kwa miaka kumi na saba uliyokaa ukiitazama picha hii, umeona nini. Kimya akasema kwamba wale wanawake wanaofua nguo, watatu vivuli vyao vimelala kushoto na wawili vimelala kulia, kwa hiyo mchoraji alianza asubuhi, akaenda kula, akarudi jioni. Wasomi walikuwa wameandika kurasa na kurasa juu ya picha ile na hakuna aliyeliona hilo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tarehe 19 Septemba bodi ilipokuja, mwenyekiti wake, jaji mstaafu, alisimama na Kimya dakika arobaini, chai ikapoa, na kabla ya kuondoka akasema kamera zifungwe na wahudumu wabaki.

Wote tulijua ukurugenzi ni wake. Aliomba, akafanyiwa usaili, na tarehe 11 Desemba ikaja barua kwamba amechaguliwa kijana wa miaka thelathini na minne kutoka nje. Wanasema mvumilivu hula mbivu, safari hii mbivu ililiwa na mwingine, na jambo hilo lilimuuma sana, familia haitalificha, mumewe alimkuta siku hiyo akipiga pasi matambara ya kudekia. Alipomaliza matambara alisema kwamba akisusa, watakaolipa ni wale tisa, kwa sababu mkurugenzi huyo mgeni hajui kwa nini wapo. Tarehe 2 Januari 2013 alimkabidhi mkurugenzi mpya funguo, akawa naibu wake kwa miaka mitano, na aliyekuja kwake kumsengenya bosi alishikwa mkono akapelekwa hadi mlangoni kwa bosi ayaseme huko huko. Hata chumba namba mbili kilipopakwa rangi nyekundu, mbele za watu alikisifu, faraghani alimwambia mkurugenzi huyo kijana kwamba ni bucha, kikapakwa upya.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2018 akiwa mtu aliyeridhika, akilima mboga na kuwasumbua wajukuu. Agosti 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa subira, na akafariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe na watoto wote wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliopokezana kumpeleka hospitali, na wenzake wa kazini. Aliacha usia kwamba Jumba lisifungwe hata saa moja kwa ajili yake, na wahudumu, wote tisa, wakasema hawawezi kukosa kumzika. Basi kama kuna anayemtafuta mkurugenzi hapa, asimlaumu, hayupo. Yuko chumba namba nne, amekaa kitini anaangalia wageni, mhasibu yuko chumba cha pili, na vyumba vilivyobaki vinaangaliwa na watu wa ofisini, ili hawa tisa wasimame hapa mbele yenu. Dada, mlango uko wazi, pumzika kwa amani.