Mjomba wa Solo Anashuka Jukwaani

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuitumikia hoteli yetu, mpiga gita la solo wa bendi ya ukumbi wa chakula anastaafu rasmi. Kuanzia jikoni hadi mapokezi tunamwita Mjomba. Jina hilo lilianza na mhudumu mmoja, mtoto wa dada yake, aliyeajiriwa mwaka ule ule. Mpwa aliondoka zamani kwenda kutafuta maisha kwingine, ujomba ukabaki, na leo hata meneja mkuu anamwita hivyo bila kujua ni mjomba wa nani.

Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa uchangamfu, nisizidishe kurasa mbili, na nisilalamike. Mimi nilipiga besi pembeni ya Mjomba mpaka bendi ilipovunjwa, na sasa nakunja mashuka kwa dobi. Uchangamfu nitajitahidi. Kurasa mbili nitajitahidi pia.

Alikuja kijana mwembamba, shati limefunguliwa vifungo viwili vya juu, na gita jekundu lililokuwa zito kuliko begi lake la nguo. Aliajiriwa apige nyimbo laini wageni wakila. Roho yake lakini ilikuwa kwenye roki, ile roki ya zamani ya magita yanayonguruma na ngoma zinazopigwa kama mtu anavunja mlango. Kaka yake mkubwa alikuwa na sanduku zima la kanda, na Mjomba alizikariri zote kabla hajaota ndevu. Meneja wa enzi zile alimweka chini akamweleza kwamba muziki wa ukumbini ni kama pazia, ukionekana sana umekosea, na kwamba roki isisikike hapa hata siku moja. Mjomba alituambia mtumikie kafiri upate mradi wako, akaenda kupiga pazia.

Mradi wake tuliujua sisi tu. Katikati ya wimbo wa kumpongeza mtoto aliyetimiza miaka mitano, angechomeka vipande vinne vya roki, haraka, kisha arudi kwenye keki kama hakuna kilichotokea. Wageni walikuwa wanaendelea kutafuna. Mara moja tu mzee mmoja mgeni aliweka uma chini, akasimama, akaja jukwaani kumshika mkono. Mjomba aliishi kwa mkono ule karibu mwaka mzima.

Kuhusu vifaa, miaka yake ya mwanzo ilikuwa balaa. Mkewe, ambaye ni mshonaji, aliwahi kutulalamikia kwamba nyumbani kwao pedali ni nyingi kuliko sufuria. Pedali ni vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu, hiki kinaikwaruza sauti, hiki kinairefusha, hiki kinairudisha kama mwangwi. Alikuwa navyo amevipanga sakafuni kama viatu msikitini. Kwenye arusi moja alikanyaga kisichostahili wakati maharusi wanaingia, na mama wa bibi arusi akatuma mtu aulize kama jenereta imeharibika.

Halafu akabadilika. Siku moja alikuja na gita moja, waya mmoja na amplifaya moja ya zamani, ya valvu za kioo. Pedali zote alikuwa ameziuza. Alitangaza kwamba roki ya kweli haihitaji manukato, na kwamba wapiga gita wakubwa wote waliompendeza utotoni walikuwa na vidole tu. Alituhubiria kwa miezi. Mpiga kinanda, ambaye alikuwa amenunua pedali mbili kati ya zile, alinuna sana.

Baada ya hapo kikaja kipindi cha sauti kali. Mjomba akafunga nyuzi nyembamba, akapandisha kitufe cha sauti ya juu mpaka mwisho, na gita likawa linatoboa. Wageni wa meza za mbele walilalamika meno yanauma. Mpiga ngoma alimwambia gita lake limegeuka sindano. Mjomba alijibu kwamba sisi ndio tumezoea uji, hatujui tena utamu wa chumvi. Na miaka michache baadaye, tukiwa tumeshaizoea chumvi yenyewe, akageuka tena kabisa. Alileta gita kubwa lenye tumbo tupu, nyuzi nene, akawa anainama mpaka kifua kinagusa mbao. Nyimbo zenye solo za juu, zile alizozililia ujana wake wote, akaanza kuziita kelele za watoto. Akawa anataka za polepole tu, zinazotembea kwenye nyuzi za chini.

Sisi wanamuziki tuna ugonjwa wetu. Mtu akibadilisha sauti, tunabishana kuhusu sauti. Tulibishana kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka wapishi wakatugongea ukuta. Mpiga ngoma alisema ni nyuzi, mpiga kinanda alisema ni mbao, mimi nilisema ni uzee, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Tulikuwa watu wazima watatu tunaoishi kwa kusikia, na hakuna hata mmoja aliyefikiria sikio.

Tuliligundua Jumapili moja mchana, tukiwa tunapigia wageni kando ya bwawa la kuogelea. Mhudumu alipita na sinia, mguu wake ukanasa waya wa Mjomba, waya ukachomoka. Sauti ya gita ikakatika pale pale. Mjomba hakujua. Alipiga solo nzima akiwa amefumba macho, kichwa kinayumba, vidole vinakimbia, na kilichosikika ni besi yangu, ngoma na kinanda tu. Alipomaliza alifungua macho akatabasamu, akainama. Wageni walimpigia makofi, kwa sababu mtu akishiba hupigia makofi chochote. Mpiga ngoma alinitazama, nikatazama chini.

Jioni ile alitueleza mwenyewe. Alikuwa anajua kwa miaka. Daktari wa masikio alimwambia la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, na halirudi. Sauti za juu ndizo zilizomkimbia kwanza, ndiyo maana alizipandisha mpaka meno ya wageni yakauma. Zilipokwisha kabisa alihamia zile za chini ambazo bado alikuwa anazipata, na gita la tumbo tupu alilinunua kwa sababu lilikuwa linamtetemesha mbavu. Ladha yake tuliyoicheka miaka yote ile ilikuwa ni mtu anayehama chumba baada ya chumba kwenye nyumba inayoungua.

Nasema wazi moto wenyewe ulikoanzia. Jukwaa letu lilibanwa kwenye kona, Mjomba katikati ya ukuta na matoazi ya ngoma, sikio la kushoto likiwa mkono mmoja kutoka kwenye shaba. Aliomba jukwaa lisogezwe. Aliomba kwa mameneja watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kofia mkononi. Kila mara alijibiwa kwamba upande wa pili ni mahali pa meza ya keki. Keki ikabaki mahali pake. Alipoisoma rasimu hii Mjomba aliniamuru niongeze kwamba nusu ya lawama ni ya amplifaya zake mwenyewe za ujanani. Nimeongeza. Nusu ya pili naiacha hapo ilipo.

Alituomba tusimwambie mtu. Bintiye alikuwa bado anasomea uuguzi, na mpiga solo asiyesikia angetolewa getini kesho yake. Basi tukaficha. Fundi seremala wa hoteli, mtu wa maneno machache, alitutengenezea ubao mmoja mrefu wa kutandaza jukwaani. Ulianzia chini ya spika yangu ya besi ukaishia chini ya nyayo za Mjomba, na kwa uongozi tulisema ni wa kuzuia unyevu. Mjomba akavua viatu. Kila nilichopiga kilimpanda miguuni. Penye kugeuka wimbo nilimpa kidevu, penye kumalizia mpiga ngoma aliinua kijiti. Wageni walidhani kupiga gita na soksi ni mtindo.

Miaka sita alipiga hivyo, na hakukosea kuliko sisi. Nitasema zaidi: alipiga vizuri kuliko alipokuwa anasikia. Alikuwa amepunguza mbwembwe, anapiga noti moja mahali alipozoea kupiga kumi, na ile moja ilikuwa inakaa. Katika miaka hiyo sita meneja wa ukumbi alimwita mara mbili kutoka nyuma, hakugeuka, na meneja akasema mbele ya wahudumu wote kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Wahudumu walicheka. Sisi tulikaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Mwaka juzi ikaletwa mashine. Ni kisanduku kidogo chenye nyimbo elfu kadhaa, hakinywi chai, hakiombi ruhusa ya msiba. Bendi ikavunjwa asubuhi moja kwa tangazo la mistari minne. Mpiga ngoma alipelekwa ulinzi wa geti, mpiga kinanda akajiondokea, mimi nikapelekwa kwa dobi, na Mjomba akawekwa kugawa taulo bwawani hadi umri wake utimie. Jukwaa lilivunjwa pakawekwa friji la aiskrimu. Ule ubao ulichukuliwa kufunikia shimo la maji machafu nyuma ya jiko, na uko pale hadi leo, tunaukanyaga tukienda kula.

Taulo aligawa vizuri. Alijifunza kusoma midomo, na watoto walimpenda kwa sababu aliwatazama usoni wanapoongea, kitu ambacho watu wazima wengi hawana muda nacho. Lakini mchana, mashine ikipiga zile nyimbo laini za pazia, niliwahi kumwona akiwa ameweka kiganja kwenye ukuta wa spika, ametulia tuli, kama anayepima homa ya mtoto. Nilirudi kwenye mashuka yangu.

Sasa nifike kwenye hafla ya kuagwa, maana ndiyo imezua maneno. Mjomba aliulizwa anataka zawadi gani. Hakutaka saa wala kabati. Aliomba wimbo mmoja wa roki, sauti juu, ukumbini, wageni wakiwepo, akiwa na sisi wenzake nyuma. Wimbo mmoja tu, wa dakika tano, baada ya miaka thelathini na miwili ya pazia. Uongozi ulijibu kwamba kumtoa mlinzi getini na mtu wa dobi kazini kwa wakati mmoja haiwezekani, kila mtu ana zamu yake. Badala yake walimruhusu apige peke yake juu ya muziki wa mashine. Walidhani wamemfanyia hisani, na sitawanyima haki hiyo.

Mjomba alikataa. Angefanya nini? Mashine haina kidevu cha kumwonyesha penye kugeuka. Haina ubao. Angesimama mbele ya mkewe na bintiye na wafanyakazi wote, mashine iende zake na yeye aende zake, kisha watu wazibe midomo kwa viganja. Hakueleza sababu, kwa vile sababu yenyewe alikuwa ameificha miaka yote. Kwenye kikao cha wafanyakazi cha wiki iliyopita tukaambiwa kwamba mzee ana maringo, kwamba amepewa heshima akaitupa. Yeye alikuwa ameketi safu ya nyuma, hakuona midomo ya msemaji, na aliwatabasamia wote waliogeuka kumwangalia.

Hilo la maringo sikuliacha lipite. Nilimfuata bwawani nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi kilichosemwa, nikamwomba ruhusa niyaseme yote. Alimaliza kukunja taulo. Alisema bintiye sasa ni muuguzi, barua ya kustaafu imeshatoka, hakuna tena wa kumfukuza, niandike. Ndiyo nimeandika. Kama mhariri atakuwa ameisoma mpaka hapa, namshukuru, na kama hajaisoma namshukuru zaidi.

Hafla ni Ijumaa saa tisa alasiri, ukumbi wa chakula. Wafanyakazi wote wasio na zamu wanakaribishwa. Mjomba ataketi meza ya mbele na familia yake, na mashine itapiga nyimbo ambazo uongozi umezichagua. Nasikia safari hii wameweka na roki mbili tatu, za kumfurahisha. Ataziitikia kwa kichwa, maana ni mtu aliyelelewa, na atapiga makofi akiona wenzake wamepiga. Akiwahi kidogo, wimbo ukiwa bado katikati, tafadhali asicheke mtu. Pigeni naye.

Mjomba, sisi wa jukwaani tunakushukuru kwa kila noti, hata zile za sindano, na kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kupiga pazia maisha yake yote na bado asiwe pazia. Nenda kapumzike na mkeo, akupikie kwenye sufuria ambazo sasa zimepata nafasi. Mungu akupe uzee mtulivu na magoti yasiyouma. Siku ya Ijumaa watu sita watasimama mmoja mmoja kukusifu, kipaza sauti kikiwaziba midomo, watasema maneno mazuri, na hakuna hata moja litakalokufikia. Mimi nimekataa kuhutubia. Yangu nimeyaweka hapa, ambapo unaweza kuyasoma.