Dada Aliyewapima Wenye Afya

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba mwashi na mama mkunga. Mdogo wake, anayewasomea haya, alifuata miaka mitatu baadaye, akarithi sare zake zote, na viatu.

Alimaliza sekondari mwaka 1979 akiwa wa kwanza darasani, akafuzu uuguzi 1983. Mwaka 1986 alifunga ndoa na fundi umeme, mwanamume mpole aliyependwa na nyumba nzima. Kila jema lilianza kwake. Mdogo mtu aliona wivu, na Mungu anajua.

Kuanzia 1998 alifanya kazi hospitalini, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, akipima nguvu za msuli wa njia ya haja kubwa. Kina mama walioumia wakati wa kujifungua walikuwa wakishindwa kuzuia haja, na madaktari walihitaji kujua mtu mwenye afya hubana kiasi gani. Kwa hiyo marehemu aliwabembeleza wenye afya wajitolee. Mtu alilala ubavu, akaingizwa kimrija chembamba chenye puto dogo, kisha akasikia: "Bana! Bana kama uko mbele ya mkwe! Haya, legeza. Kohoa."

Wa kwanza kukubali alikuwa shoga yake, fundi cherehani. Mdogo wake aliposikia, kesho yake alikwenda, akakaza mapaja, makalio, hadi meno.

"Umeniharibia kipimo, mdogo wangu. Unabana na mwili mzima!"

"Nimempita fundi?"

"Hapa hatushindani bwana. Natafuta hali ya kawaida."

"Lakini nimempita?"

Siri za watu mia na ishirini aliowapima amekwenda nazo.

Januari 2023 aligundulika ana saratani ya utumbo. Mwishoni yeye mwenyewe hakuweza kuzuia haja. Fundi alikuja kila siku na mashuka aliyoyashona, lakini marehemu alimwambia, "Shoga, kaa sebuleni. Atanisafisha mdogo wangu." Mdogo wake anakiri alifunga mlango kwa furaha, huku akimsikia fundi analia upande wa pili.

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mdogo wake aliufungua mlango ule, akamwita fundi. Marehemu alifariki saa nne asubuhi, kila mmoja wetu amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake, na shoga yake. Fundi, usisimame huko nyuma. Njoo ukae hapa, kati yangu na shemeji.

Mola ampe dada yetu pumziko la amani.